Kaimu wa Milele

Mwaka 2003 Zamalek ya Misri walitua Dar es Salaam wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika, wakaondoka wamefungwa 1-0 na Simba. Waliporudiana Cairo, nao wakashinda 1-0. Mambo yakaenda kwenye matuta, Juma Kaseja akapangua, Simba wakavuka kwa penalti 3-2. Mnyama akaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika pamoja na Enyimba, Ismaily na ASEC Mimosas, hatua ambayo hakuiona tena hadi msimu wa 2018/19. Mpaka leo ukikaa kijiweni Kariakoo na wazee wa Msimbazi, mechi ile husimuliwa kwa vitendo: mtu anaweka kikombe cha kahawa chini, anainuka, anaonyesha Kaseja alivyoruka. Aliyekuwa kwenye benchi la ufundi usiku ule hutajwa mwishoni, kama akitajwa.

Alikuwa James Aggrey Siang'a, Mkenya, kipa wa zamani wa Gor Mahia na wa Harambee Stars. Alikuwa kwenye kikosi cha Kenya kilichokwenda Cameroon mwaka 1972 kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Kenya ilifungwa 2-1 na wenyeji, ikatoka sare ya 1-1 na Mali, na sare nyingine ya 1-1 na Togo, ikarudi nyumbani. Alipostaafu kudaka alianza kufundisha, na orodha ya timu zake ukiisoma kwa haraka utadhani ni ratiba ya basi la masafa marefu: Harambee Stars, Taifa Stars, Simba, Moro United, Express ya Kampala, Gor Mahia. Alifariki Septemba 2016.

Kazi iliponifikisha Kisumu niliongeza nauli nikaenda mbele, hadi Busia. Sikwenda kutafuta kaburi la mtu wala kusumbua familia. Magharibi ya Kenya na mashariki ya Uganda kumetoa wachezaji tangu mpira uingie Afrika Mashariki, na nilitaka kuwaona wale ambao miguu ikichoka hushika filimbi. Nchi zetu tatu, Kenya, Uganda na Tanzania, zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027. Wanaofahamu kuufundisha mpira huu wako wapi?

Matatu ilipita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala, kila kituo ndizi na karanga zikipitishwa dirishani, na kila baada ya mwendo kidogo kiwanja cha shule chenye magoli ya miti. Nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa na gunia la omena miguuni. Aliniuliza nakwenda kununua nini Busia. Nilipomwambia nakwenda kuangalia mpira alinitazama vizuri, kisha akasogeza gunia lake upande wa pili.

Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Februari 2018, na sasa abiria anagongewa mihuri yote miwili kwenye jengo moja. Lakini tazama wenyeji wanavyovuka. Mwanafunzi anavuka na begi lake, mama anavuka na mayai, kijana anasukuma baiskeli ya magurudumu matatu ya mlemavu iliyojaa katoni mpaka mwenyewe haonekani. Wabadilishaji fedha wamekaa kwenye viti vya plastiki, mabunda ya shilingi za nchi mbili mapajani, na wanajua kiwango cha siku kabla benki hazijafungua. Bodaboda zilizosambaa hadi vijijini kwetu zilianzia hapa, enzi za baiskeli, vijana wakiwabeba watu baina ya geti na geti. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili. Kabla ya mwaka 1902 mpaka huu haukuwa hapa kabisa. Uganda ya Waingereza ilifika mpaka karibu na Naivasha. Kwa hiyo mchezaji wa Busia kuchezea timu ya Kenya Jumamosi na ya Uganda Jumapili, kwa majina mawili tofauti, hakuonekani kama kosa kubwa. Kwetu tungemwita mamluki. Huku anaitwa mtoto wa fulani.

Kocha niliyetaka kumwona nilimpata kupitia muuza mitumba. Sokoni kulikuwa na fungu la jezi ambazo wateja husita kuzinunua: pana mabegani, mikono mifupi, namba kubwa mbele na nyuma. Ni jezi za mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira uliochongoka. Muuzaji anaziita jezi za raga na anaziuza shilingi mia tatu za Kenya. Nilimuuliza nani hununua. "Makocha," akasema. "Ni pana, zinapitisha hewa, na hazichaniki. Mmoja amechukua ile nyeusi ya Raiders, utamwona jioni kwenye kiwanja cha shule."

Nilimwona. Aliomba jina lake lisitoke, na sababu nitaieleza. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kimepinda kwenye kiungo cha kati na hakinyooki tena. Kipa. Jezi nyeusi ya Raiders ilimfika karibu na magoti.

Mazoezi ya makipa wake sikuwahi kuyaona kwingine. Vijana watatu walipiga magoti wakielekea ukuta wa darasa, hatua nne hivi. Yeye alisimama nyuma yao, wasimwone, akaurusha mpira ukutani juu ya vichwa vyao. Mpira ukirudi, kijana ana nafasi ndogo mno ya kujua unakwenda wapi. Ukuta wenyewe ni wa tofali za kuchoma na plasta imebanduka, kwa hiyo mpira haurudi sawasawa hata mara moja. "Uwanja wa nyasi nzuri unawadanganya," alisema. "Huu ukuta ni mwongo kuliko mshambuliaji yeyote." Glavu zilikuwa jozi moja kwa vijana watatu, viganja vyake vimebandikwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa gundi ya fundi viatu. Nilizivaa. Zinashika mpira vizuri kuliko nilivyotarajia, ila zinanuka mafuta ya taa.

Ndipo nikamuuliza kuhusu Siang'a. Alisimamisha zoezi, kitu ambacho hakukifanya nilipofika wala alipopita mwalimu mkuu.

"Huyo alikuwa wetu," akasema. "Alionyesha kipa anaweza kufundisha. Watu hufikiri kipa hajui mpira kwa sababu hakimbii. Lakini kipa ndiye anaona uwanja wote dakika tisini. Wengine wanaona migongo."

Hoja hiyo naikubali. Jacob Mulee, yule wanayemwita Ghost, naye alikuwa kipa, na ndiye aliyeipeleka Kenya Tunisia mwaka 2004. Huko Harambee Stars waliifunga Burkina Faso 3-0, ushindi wao wa kwanza katika fainali za Afrika. Na ile ya Cairo iliamuliwa na kipa, chini ya kocha aliyekuwa kipa. Ukitaka kuita hiyo bahati ni haki yako, mimi nimekataa.

Kocha wangu wa Busia amewahi kushikilia timu nne za daraja za chini, mbili Kenya na mbili Uganda. Kushikilia ndilo neno alilotumia kila mara. Kocha mkuu anafukuzwa, viongozi wanamwita usiku, wanamwambia shikilia kidogo tukitafuta mtu. Anashikilia. Timu ikishinda, kocha mpya anakuja kwa sababu sasa timu inavutia. Ikifungwa, kocha mpya anakuja kwa sababu timu inahitaji kuokolewa. Katika hizo nne, barua aliyowahi kupewa ni moja, na ilikuwa ya kumshukuru. Timu mojawapo bado ina deni lake la posho, na viongozi wake bado wanampigia kumuuliza kuhusu makipa. Ndiyo maana hataki jina lake litoke. Anatarajia kupigiwa tena.

Tulikaa kwenye kibanda cha chai nje ya geti la shule, nikamweleza habari ya jezi yake. Raiders ni timu ya ligi ya NFL. Art Shell aliichezea kuanzia mwaka 1968 hadi 1982, mtu wa safu ya mbele, wa kusukumana, kazi isiyoimbwa. Mwaka 1989 timu hiyo hiyo ikampa ukocha mkuu, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba ndiye kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika zama hizi za ligi. Maneno hayo "katika zama hizi" yaliwekwa kwa sababu kulikuwa na mwingine, miaka 68 kabla yake, na wengi walishamsahau.

Huyo wa kabla ni Fritz Pollard, mtoto wa Chicago aliyezaliwa mwaka 1894. Mpira wa Kimarekani wa kulipwa ulikuwa bado mchanga. Mtu wa kwanza anayejulikana kulipwa ili aucheze, Pudge Heffelfinger, alipewa dola 500 mwaka 1892 kwa mechi moja tu huko Pennsylvania. Pollard alisoma Chuo Kikuu cha Brown, akawa mchezaji wa kwanza Mweusi kucheza Rose Bowl, Januari 1916. Kisha akaenda Akron, mji wa viwanda vya mipira ya magari huko Ohio. Mwaka 1920 ligi ilipoanzishwa, ikiwa bado haijaitwa NFL, Akron Pros walikuwa mabingwa wake wa kwanza na Pollard ndiye nyota wao. Mwaka 1921 akawa kocha akiwa bado anacheza. Alikuwa mwepesi na mfupi, na wapinzani walikuwa wakimrukia hata akishaanguka, hivyo alijifunza kujibingirisha chali na kuinua miguu juu, anayekuja amkute na njumu. Mwenyewe alisimulia kwamba mwanzoni pale Akron hakuvaa jezi pamoja na wenzake. Alivalia katika duka la sigara la mmoja wa wamiliki wa timu.

Mwaka 1926 ulikuwa wa mwisho kwake katika ligi. Kuanzia msimu wa 1934 hadi vita vya pili vilipokwisha, ligi nzima haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Pollard alifariki mwaka 1986, akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mwaka 2005.

Kocha alisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

"Huyo Pollard naye walimwambia ashikilie?"

Nikamjibu kwamba alipewa kufundisha akishirikiana na mwingine.

"Basi ni kushikilia," akasema. "Na huyu wa Raiders?"

Nikamwambia Shell naye alianza katikati ya msimu, aliyekuwapo alipofukuzwa. Alicheka hadi watu wa kibanda cha pili wakageuka.

Kwetu hatuna ubaguzi wa rangi wa Akron, na sitaki kulazimisha mambo yafanane. Anayemnyima kocha kama Siang'a mkataba mrefu ni Mwafrika mwenzake, mara nyingi shabiki wake wa zamani. Sababu ni nyingine, na ni ya aibu zaidi. Kiongozi wa klabu au wa shirikisho akimwajiri Mzungu au Mwarabu, akishindwa anasema tulileta mtaalamu. Akimwajiri mzawa akishindwa, lawama inarudi kwake: ulimchukuaje huyu tunayemjua? Kocha wa kigeni ni bima ya kiongozi. Mzawa analipia bima hiyo.

Kutoka Busia unaweza kwenda Tororo kwa upande wa Uganda. Mimi nilifuata lami ya Kenya kupitia Alupe na Adungosi hadi Malaba, nikavukia huko. Safari hii ina jambo moja la kuangalia, nalo ni malori. Foleni ya Malaba huanza mbali na mpaka, madereva wametandika mikeka chini ya matela, wengine wanapika, mmoja alikuwa akinyolewa. Walio wengi hapo ni wa masafa ya Mombasa hadi Kampala, Kigali na Juba, na Kiswahili chao kimechukua kila mahali. Reli ya zamani inavuka hapo hapo kuingia Uganda. Ile mpya ya kisasa ilikomea Naivasha.

Tororo unaijua kabla hujafika, kwa sababu ya mwamba. Umesimama peke yake katikati ya mji, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, na watu wanaupanda kwa ngazi zilizofungwa kwenye mawe. Nilipanda. Njiani nilipishana na wanafunzi wakishuka kwa kukimbia, jambo ambalo sikulipenda. Juu kuna upepo, unaona kiwanda cha saruji, unaona reli inavyogawanyika, tawi moja likienda Kampala na jingine Mbale na Soroti. Upande wa kaskazini mashariki, siku isiyo na ukungu, unauona Mlima Elgon, ambao wenyeji wa Mbale wanauita Masaba kwa jina la babu yao. Wagisu wako mteremko wa Uganda, Wabukusu wako wa Kenya, na jando lao ni moja katika miaka inayogawanyika kwa mbili.

Kwenye uwanja wa King George nilimkuta mzee aliyefanya kazi reli na kuchezea timu ya reli. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha karakana, kilichonyooka kuliko changu. Kwake mashindano ya kweli ni Gossage. Alikulia katika habari zake. Kombe lile lilitolewa na kampuni ya sabuni, likaanza mwaka 1926 kwa Kenya na Uganda peke yao, Tanganyika wakaingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Leo tunaliita CECAFA.

"Na kocha alikuwa nani?" nilimuuliza kila alipotaja timu iliyoshinda. Majina ya washambuliaji aliyamwaga bila kufikiri. Ya makocha aliyatafuta, akikunja kipaji, na mara nyingi hakuyapata. Ila moja lilitoka mara moja: Peter Okee. Huyo ndiye Mganda aliyeiongoza Uganda Ghana mwaka 1978, wakafika fainali ya Kombe la Mataifa na kufungwa 2-0 na wenyeji jijini Accra. Philip Omondi alifunga mabao matatu na kuwa miongoni mwa vinara wa mabao wa mashindano yale. Baadaye naye alirudi klabu ya KCC kufundisha. Uganda haijafika tena fainali hiyo. Ilichukua mpaka mwaka 2017 hata kushiriki, safari hiyo chini ya Mserbia, Micho Sredojević, na kwa haki yake alifanya kazi nzuri. Sina ugomvi na wageni wanaofanya kazi. Micho aliishi Uganda, alizijua klabu zake tangu akiwa SC Villa, na alipewa muda.

Muda. Marshall Mulwa aliipa Kenya ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1981, 1982 na 1983, mfululizo. Hayo hayatokei kwa kocha aliyeambiwa ashikilie kidogo. Na kwa upande wetu, Januari 2024 Adel Amrouche alipofungiwa na CAF katikati ya fainali za Ivory Coast, timu alikabidhiwa Hemed Suleiman, "Morocco" wetu wa Zanzibar. Akiwa kaimu aliifuzisha Taifa Stars kwa fainali za 2025. Kisha mwezi mmoja na kitu kabla ya fainali zenyewe akaondolewa, nafasi akapewa Miguel Gamondi wa Argentina, naye kwa muda. Mzee wa Tororo nilipomsimulia hilo aliniuliza kama Morocco aliwahi kufungwa mabao mengi katika kufuzu. Nikasema hapana. Akauliza tena, labda hakunisikia vizuri.

Usiku nililala Tororo, nyumba ya wageni karibu na stendi, nikasikiliza treni ya mizigo ikipita. Asubuhi nilimpigia kocha wa Busia kumuaga. Hakupokea, baadaye alituma ujumbe kwamba alikuwa kwenye kikao, kuna timu imemwita.

Sasa kwa waungwana wa mashirikisho yetu ya soka, FKF, FUFA na TFF. Mwaka 2027 mtakuwa na viwanja vipya, barabara mpya na wageni kutoka bara zima. Kabla hamjatafuta nani wa kukaa kwenye mabenchi yenu, waiteni makocha wa Busia, Tororo, Bungoma na Mbale waliowafundisha wachezaji hao mnaowategemea. Wasomesheni leseni za CAF kwa gharama ambayo mtu wa posho anaimudu, ikibidi kozi moja ya pamoja hapa mpakani, kwa kuwa kuvuka ni dakika chache. Na mkimpa mmoja wao timu, mpeni na mkataba wenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha na kiasi cha mshahara, uliosainiwa na pande zote mbili kabla hajapuliza filimbi ya kwanza.